Mafuta ilikimbia mu viraji

Siku ya ine, magaribi.

Makosa ni yangu, hata nikizunguka namna gani. Fundi Cikuru alinieleza: "Papa Bahati, pikipiki inalalaka upande mu viraji, pale njia inapinda, mafuta inabakia chini ya moteri. Kigari yako ya mbio, hata ulitia moteri ya pikipiki, hailalake. Weka vibati mu karteri, ile bakuli ya mafuta chini ya moteri, vizuie mafuta kukimbilia pembeni." Nikamujibu tuijaribu kwanza, vibati tutaweka nyuma.

Leo, mu viraji ya kwenda Kavumu, pompi ya mafuta ikavuta hewa. Moteri ikakauka, vyuma vikashikana, ikakufa kabisa.

Na ile moteri ilitoka mu pikipiki ya marehemu ndugu yangu. Kila asubui nikiiwasha, maman anatokaka inje kusikiliza sauti yake.

Nimerudi kigari ikivutwa na kamba. Maman aliuliza tu: "Utaiwasha kesho?"

Nilimujibu ndiyo.