Babu Yao wa Shirazi

Bagamoyo, Alhamisi, Mfungo Mosi, 1938

Siku hizi nani anaozesha mwana bila utenzi wa kuufikisha ukoo wake Shirazi, kule Uajemi? Bwana Shomari, baba wa bibi harusi, alinitaka nimtungie. Mzee Kombo, baba wa bwana harusi, naye akanijia kwa siri. Nikawapa wote waridi, bulbuli na maneno ya Kiajemi ambayo hata mimi siyajui. Na kwa uvivu nikawapa babu mmoja, Mirza Bahramu, niliyembuni nikinywa kahawa.

Leo harusini tenzi zote mbili zikasomwa.

Mzee Kombo akaruka. "Huyo ni babu yetu sisi!"

Nikaanza kutafuta viatu vyangu.

Bwana Shomari akamkumbatia huku analia. "Kumbe ndugu yangu! Watoto wetu ni mabinamu!"

Mama yake Shomari, Mkwere wa Miono huko bara, alikuwa uani anapepeta mchele. Yeye hakutungiwa hata ubeti mmoja.

Kesho baada ya sala ya Ijumaa wanamsomea Bahramu hitima, na dua nimeombwa niiongoze mimi. Naogopa. Wale wawili niliwadanganya bila taabu, lakini kesho nitamwomba Mungu amrehemu nani?