Gaston na jirani wa ukuta moja

Urbain, weye kaa chini kwanza. Gaston wetu wa Shituru amekwisha!

Alisikia haya kuambia majirani kama anauzisha nyumba, njo akatafuta komisioneri, dalali wa nyumba, ule Yannick. Akasaini: muntu yote mwenye Yannick ataleta akinunua, Yannick anakula dix pour cent, sehemu moja ya kumi ya bei.

Leo gari ya Yannick ikasimama. "Papa Gaston, muntu wa kununua huyu hapa!" Nani akatoka? Célestin!

Célestin, Urbain! Jirani wa ukuta moja! Yannick alimupandisha gari pa mulango yake, akamuzungusha mpaka Kamatanda, akamushusha pa mulango ya pili!

Gaston akasema: "Célestin, miaka makumi mbili unachota maji kwangu. Haukuweza kuniita?"

"Yaya, mukubwa wangu, nilisikia haya kukuuliza. Nilizani umefilisika."

Yannick akatoa karatasi tu: "Papa, signature ni yako."

Ile dix pour cent njo bei ya mabati yote ya kanyumba kao ka Mwadingusha, kenye wanajenga wahamie. Mama Suzanne, muke wake, anauliza: "Sasa tutalala chini ya nini?" Gaston anaangalia tu ule ukuta.

Unaukumbuka, Urbain? Ukuta wenyewe unamufika Gaston pa kifua tu.