Mwenye Mkasi kwenye Mwaridi wa Luqmani

Shikamoo Bi Mwanvita. Naomba unisaidie, maana nimeharibu nyumba yangu na sijui nianzie wapi kuitengeneza. Naishi Mwembesongo, na mbele ya dirisha langu kuna mwaridi ambao mama mkwe aliupanda pale pale tulipozika kitovu cha mwanangu Luqmani, na tangu mvua zikatike majani yake yanakatwa, siyo kuliwa, Bi Mwanvita, yanakatwa, pembeni mwa jani kinatoka kipande cha duara safi kama kimepimwa kwa kifuniko cha soda, na chenyewe hakionekani popote, nimefagia nimetafuta sikipati, na wiki hiyohiyo mtoto akashikwa homa, jirani akaja akaangalia akasema, mwenzangu, mdudu ana mkasi huyo? Na mwenye mkasi ninayemjua mimi ni wifi yangu Yasmin, fundi cherehani, tulikuwa tunaishi naye, hajajaaliwa mtoto, basi nikamwambia mbele ya kaka yake na majirani kwamba anamkata mwanangu kidogokidogo kwa wivu. Alifunga cherehani yake akarudi kwao Dumila.

Mtoto alipimwa, ikawa malaria, ametibiwa amepona. Lakini Yasmin ameondoka na majani bado yanakatwa, na ya chini yameota unga mweupe. Mume wangu hanisemeshi. Niung'oe huu mwaridi? Naogopa kuung'oa na naogopa kuuacha.

Rehema

Marahaba Rehema, na pole kwa kuuguza. Usiguse jembe.

Anayekukatia majani ni nyuki. Siyo wa mzingani, huyu anaishi peke yake. Anatua ukingoni mwa jani, anakata kwa taya huku anazunguka, na kabla kipande hakijaachia anaanza kupiga mbawa, hivyo kinapokatika yeye yuko hewani amekikumbatia. Wala hakili. Anakipeleka kwenye tundu la ukuta, anakikunja pamoja na vingine mpaka vinakuwa kikombe, anatia chavua na asali, anataga yai moja, kisha anakata duara jingine linaloenea mdomo wa kikombe sawasawa na kufunika. Hana cha kupimia na hakuna aliyemfundisha. Nimelima maua miaka mingi hapa Morogoro, na mpaka leo nikimwona naacha kumwagilia, nasimama, mwili unanisisimka. Subhanallah, ndilo neno ninalopata. Juu ya kitovu cha mwanao, mama mwingine anachukua nepi za wake.

Mwacheni. Mwaridi haufi kwa hilo, na ukipuliza sumu utamuua bure.

Ugonjwa wako ni ule unga mweupe, unaitwa ubwiri unga. Kata majani yote yenye unga, uyachome mbali, usiyaache yaozee shinani. Punguza matawi ya katikati upepo upite, na umwagilie asubuhi, shinani, siyo juu ya majani. Siku nyingine jani likikupa wasiwasi, ligeuze uangalie chini yake. Ukikuta vidukari wamejazana, osha kwa maji ya sabuni. Hayo yote ungeyafanya kabla ya kutaja jina la mtu.

Maana hapo ndipo uliponiudhi, mwanangu. Mwanamke hajajaaliwa, wewe unalijua hilo, ukaliokota ukampiga nalo usoni mbele ya watu. Jirani alikuchochea, sawa, lakini mdomo ulikuwa wako.

Panda gari wewe mwenyewe uende Dumila, usitume simu, usimtume mumeo akusemee. Mchukue na huyo jirani, kwa sababu ulimvunjia wifi yako heshima mbele yake. Ukifika usianze na habari za nyuki, ataona unajitetea. Omba radhi, kisha unyamaze. Akilia, mwache alie. Siku atakayouliza mwenyewe ni nani aliyekata yale majani, ndipo umweleze.