Mama Peres, Ukumbi Tumepewa

Mama Peres,

Pumzika sasa. Ukumbi wa mji tumepewa.

Najua uliondoka na wasiwasi. Siku ile wodini ulinishika mkono ukasema, "Atieno, wafinyanzi wetu wasitawanyike." Nikaitikia, lakini moyoni sikuwa na njia. Barua zetu za kuomba ukumbi zilikuwa zimekataliwa, na kanjo, wale askari wa baraza la mji, walitaka tuondoe udongo wetu pale kwenye veranda ya ofisi ya mji, eti tunachafua Homa Bay.

Baada ya kukuzika, wafinyanzi wenzetu watatu waliacha. Mimi pia, nisikufiche, nilirudi kuuza dagaa wa omena. Mwezi mzima sikugusa udongo. Nilikukasirikia kwa kufa. Nisamehe.

Aliyenirudisha ni Bi Zuhura, yule wa duka la vitambaa. Alikuja kibandani akaniambia, "Chungu nilichonunua kwa Mama Peres kimepasuka. Nani atanifinyangia kingine?" Nikafinyanga. Kikapinda upande mmoja, akakichukua hivyo hivyo. Kisha akasema, "Barua zenu zinasomwa na meza. Wapelekeeni vyungu wavione."

Basi tukaenda, wanawake kumi na mmoja, kila mmoja na chungu chake kichwani, hadi kwenye mkutano wa madiwani. Niliposimama, Kiswahili chote kilinitoroka. Nikasema kwa Dholuo, diwani wetu akitafsiri. Nikawaambia tunaomba ufunguo tu, kufagia tutafagia wenyewe.

Karani wa mji akakigeuzageuza chungu changu. "Hivi vinatengenezwa hapa? Nilidhani vinatoka mbali."

Mama, miaka yote hiyo tulikuwa chini ya dirisha lake! Niliangua kicheko mbele ya wakubwa. Nao wakacheka. Wakakubali.

Siku hizi tunafinyanga ndani Jumanne na Alhamisi. Jumamosi ni zamu ya vijana wa maigizo, na ndio waliotupakia kuta chokaa. Kanjo hao hao walituletea udongo kwa lori lao. Watatu walioacha wamerudi. Peres wako pia amejiunga. Anavyolainisha mdomo wa chungu kwa kidole gumba ni wewe kabisa, mpaka juzi nilitoka nje nikalia. Halafu nikalala usingizi mzito, wa kwanza tangu uende.

Wiki ijayo wanakuja akina mama kutoka Rangwe, hawajawahi kushika udongo. Nitawafundisha kama ulivyonifundisha, bila kumcheka anayekosea. Hilo nakuahidi.

Oriti, Mama, kwaheri. Lala salama.

Atieno wako