Alama ya Buluu Chini ya Dashibodi

Flint, Michigan
16 Agosti 1999

Dada yangu mpendwa Wanda,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako limepata nafuu. Mimi sijambo, ila usingizi umenitoroka tangu Jumamosi.

Siku hiyo nilikagua gari jekundu la mwaka 1969, la injini kubwa, ambalo mteja wangu Darrell Pruitt amelifufua kwa miaka sita. Alitaka hati ya kuthibitisha kwamba ni halisi, kisha jioni amtembeze binti yake. Unaijua kazi yetu sisi wakaguzi wa magari ya zamani: gari halipati alama kwa kung'aa, bali kwa kubaki kama lilivyotoka kiwandani, hata matone ya rangi na maandishi ya wafanyakazi. Darrell alinitania nivae miwani juu ya miwani, maana hata hivyo sitaona kosa. "Na usiguse kitu, mzee," akaongeza, "hata vumbi nimelipanga mwenyewe!"

Namba za kiwandani kwenye kibati cha dashibodi zilikuwa za gari la mdogo wetu Leonard. Nikajiambia kwamba labda mtu alikibandua baada ya ajali iliyomuua. Gari lile nililiona mwenyewe likishindiliwa na mashine hadi likawa donge la chuma.

Nililala chali, nikamulika chini ya dashibodi. Palikuwa na alama ya chaki ya nta, K ya buluu yenye mkia, niliyokuwa nikiiandika mimi tu nilipokuwa mkaguzi kiwandani. Nilipoigusa, kidole kilitoka na buluu mbichi. Darrell aliapa kwamba hakuna aliyechora kitu pale, akacheka kwamba nimeanza kuona mizimu. Nikatazama paipu ya breki. Nati yake ilikuwa imelegea.

Wanda, alama ile ilimaanisha kwamba breki zimekaguliwa. Leonard alinisihi nimharakishie gari lake kabla ya Jumamosi, nami nikaandika K bila kushika spana. Hakuwa amelewa, kama tulivyosema sote. Mama alikufa akimwonea haya mwanawe, nami nilikaa meza moja naye, kimya.

Safari hii niliikaza nati. Darrell alifoka kwamba nimemharibia gari, kwamba sasa si kama lilivyotoka kiwandani. Nilimwambia ni kweli. Nikaandika hivyo kwenye fomu, nikatia sahihi.

Wasalimie wajukuu wote. Nakuomba uende kaburini kwa Leonard, umwambie kwamba hatutamsema tena. Mimi bado sijathubutu kufika pale.

Ni mimi kaka yako,
Casimir