Siku Saba Alizonipa Tajiri

Kisauni, Mombasa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuuliza hali kama vile nimesimama hapo mlangoni na mzigo bado uko kichwani: umeamkaje, goti limepungua, sauti imerudi? Wifi aliniambia wiki jana bado unaongea kwa kunong'ona na tangawizi haijasaidia. Mwanangu Rehema naye, bado anavua viatu akifika nusu ya njia na kuvibeba mkononi? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Bakari ametoa meno mawili ya chini, na kila jino limetulipisha usingizi. Baba yake bado yuko Malindi kwenye mjengo, anakuja mwisho wa mwezi, anamshika mtoto siku mbili, anarudi.

Najua anayekusomea barua hii ni wifi Halima. Wifi, hujambo? Mimi nakujua. Ukikuta neno la kumuumiza mama unaliruka, halafu unasema, "Hapa anasalimia tu." Leo usiruke. Soma yote, hata pale utakapoona haya kwa ajili yangu. Na wewe Mama, ukiona amenyamaza muda mrefu, mwambie arudi nyuma.

Utauliza kwa nini barua na simu ipo. Kwenye simu nimejaribu mara tatu. Kila nikianza, unaniambia, "Pole na kazi, mwanangu," na mimi nasema asante, simu inaisha. Tena simu yenu inawekwa sauti kubwa uani, kila anayepita anaingiza lake. Kwa barua hutanikatiza.

Basi ni hili. Mpunga ulipotia maziwa ulinipigia ukaniuliza kama nitakuja kuamia ndege wasiule. Nikakwambia tajiri amekataa kunipa ruhusa. Mama, hakukataa. Alinipa siku saba.

Nilimwomba asubuhi ya Jumanne, tukikunja mashuka. Nyumba yake ya wageni ilikuwa na vyumba vitatu tu vyenye watu. Alisema niende, mpunga haungoji mtu, hata mama yake yeye alikuwa mkulima. Akaingia chumbani kwake akatoka na dera, akasema nikupelekee. Ndilo hili la buluu lililofungwa ndani ya mzigo pamoja na barua. Halikununuliwa na mimi. Lilikuwa lifike kwako mikononi mwangu tangu mwezi ule.

Nilitoka kwake nimekusudia kupanda basi kesho yake. Nikafika chumbani, nikamnyonyesha Bakari, nikajilaza kidogo ndipo nifunge nguo. Nilipofumbua macho alasiri ilikuwa imepita, na mtoto bado amelala ubavuni. Mama, sijalala hivyo tangu nimzae. Kazini namfunga mgongoni nikipiga deki, nyumbani namfunga mgongoni nikipika, na akilala yeye ndipo nafua. Mwili ulikuwa mzito kama nguo iliyolowa. Na wakati huohuo simu ikalia, ukawa ni wewe, ukauliza, "Je, amekupa?"

Mdomo ulisema hapana kabla mimi sijafikiri.

Nilijiambia nitapumzika siku mbili, kisha nitakuja tu, nitasema tajiri ameona huruma. Siku ya tatu nikafunga mkoba. Nikakaa juu yake. Nikawaza: nikifika, saa ileile nitapanda dungu, nitapiga kelele kutoka alfajiri hadi jua lizame, na Bakari mgongoni. Nakumbuka nilipokuwa mdogo tulivyokaa juu ya lile jukwaa la miti mpaka macho yanaona ndege hata yakifumbwa. Nikaufungua mkoba. Sikusahau kwamba uko peke yako. Ningependa kukwambia nilisahau, lakini nilikukumbuka kila siku, na bado sikuja.

Jumamosi Kadzo akaja. Huyu ni yule Mgiriama ninayefanya naye kazi, niliyekwambia anacheka hata akiumwa na jino. Alinikuta nimeketi kizingitini. Akasema mtu akipewa siku saba akazimaliza anatazama ukuta, bora angebaki kupiga deki alipwe. Akamchukua Bakari, akajifunga yeye, akaniambia nivae.

Akanipeleka mahali penye uwanja wa mchanga na paa la makuti, si mbali na hapa. Watu wanakuja baada ya alasiri, wanakula, wanasikiliza muziki ukipigwa pale pale mbele yao. Ni bango, Mama, ule muziki wa gitaa na saksafoni wanaoupenda watu wazima. Wanaucheza polepole, kama wanatembea bila kufika popote. Kulikuwa na wazee waliovaa kofia, na kina mama wa makamo wakiwa na wajukuu. Usihangaike, sikugusa kileo. Nilikunywa dafu.

Tukaagiza viazi karai. Wanavivika unga wa manjano, wanavikaanga, unachovya kwenye ukwaju wenye pilipili. Wakaleta na mihogo ya kukaanga iliyokamuliwa ndimu, na mishkaki miwili ya Kadzo ambayo nilimlia mmoja. Nilidhani Bakari atapiga kelele kwa ajili ya ngoma. Alilala. Kadri walivyopiga ndivyo alivyozidi kulala. Nikala kwa mikono yote miwili. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilikula chakula kikiwa bado moto. Nilikula polepole, nikasikia ladha ya kila kitu, na machozi yakanitoka. Kadzo akaniuliza kama ni pilipili, nikasema ndiyo.

Jumapili tukarudi palepale. Sasa linakuja lile ambalo wifi analijua.

Mpiga saksafoni ni mzee mcheshi. Kati ya nyimbo anawauliza watu kwao ni wapi, anawatania. Wa Taita aliwauliza kama wameshuka na koti. Kadzo akanyoosha kidole kwangu akapaza sauti, "Huyu ni wa Tana River." Watu wakacheka. Mmoja akauliza mamba nimemfunga wapi. Mwingine akasema nisogee nisije nikawaletea mafuriko. Mzee akawanyamazisha, akaniambia, "Dada, wasikutishe hawa. Tupe sauti ya kwenu."

Mama, sijui kuimba, unajua. Harusini nilikuwa napiga makofi tu. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, na sauti pekee niliyokuwa nayo ikatoka yenyewe. Nilitoa ukelele wa kufukuzia ndege. Na si wowote, ni wako. Ule unaoanzia juu, unakaa huko, kisha unavunjika chini kama kitu kimedondoka. Kila mwanamke pale shambani ana wake. Tulikuwa tunajua nani yuko shamba gani bila kumwona. Nikautoa wako mbele ya watu wanaokula viazi.

Kisha yule mzee akauchukua na saksafoni yake, akaupiga vilevile, ukavunjika palepale unapovunjikia. Gitaa likaingia. Akaniashiria nirudie. Nikarudia, naye akajibu. Mara tatu. Watu wakainuka wakaucheza. Sijawahi kuwapa watu kitu wakakipenda namna ile. Nilikuwa nacheka kama msichana.

Nilipokaa Kadzo akaniuliza nimejifunza wapi. Nikasema kwa mama. Akauliza, "Yuko wapi saa hii?"

Nikatazama jua. Lilikuwa pale ambapo ndege wanashuka kwa wingi kabla ya kwenda kulala. Nikasema, "Yuko shambani, anafukuza ndege." Kadzo akacheka, akadhani namtania.

Chakula kilichobaki nikamsogezea yeye. Siku mbili zilikuwa bado zimebaki mkononi mwangu, na hata hapo ningeweza kuja. Nikaona haya kuja. Zilipokwisha nikarudi kazini.

Kumbe mtu alinirekodi kwa simu, na baada ya wiki ile picha ikafika hadi Garsen. Wifi akanipigia amejificha nyuma ya choo, anaongea chini chini. Akasema, "Wifi, nimekuona. Sauti ni ya mama kabisa. Lakini usijali, sijamwonyesha wala sitamwonyesha." Ndipo akanieleza ya huko, ambayo wewe hukuniambia hata moja. Kwamba sauti yako ilikatika siku ya kumi ukawa unagonga debe kuwatisha ndege. Kwamba Rehema alikuwa anapiga kelele badala yako, mtoto wa miaka minne, mpaka akalala juu ya dungu ukamfunga kwa leso asianguke. Kwamba shamba la juu mliliokoa, lakini la chini, upande wa mto, ndege walilimaliza kwa siku mbili, yamebaki makapi.

Nikahesabu zile siku mbili. Zilikuwa zangu.

Wifi, nakushukuru kwa kunisitiri, lakini sitaki kusitiriwa. Mama akija kuonyeshwa picha ile sokoni na mtu mwingine, ataumia mara mbili. Mwonyeshe wewe, leo, ukimaliza kusoma.

Kuna jingine lililonifanya nishike kalamu. Mwezi uliopita Rehema alishika simu akaniambia tajiri wangu ana roho mbaya, na kwamba bibi anamwombea kwa Mungu apewe roho nzuri. Mama, yule mwanamke hana kosa. Nimekaa kwake nikila chakula chake, na nyumbani kwetu anasemwa vibaya kwa ajili yangu. Nilienda nikamwambia. Nilisimama na ndoo mkononi nikamweleza kwamba sikusafiri, na niliyowaambia nyumbani. Akasema, "Kwa hiyo huko Kilelengwani mimi ndiye mbaya." Nikasema ndiyo. Akasema niende nikamalize vyumba, na nijue siku zangu za mwaka zimekwisha, hatanipa nyingine mpaka baada ya Idi. Ana haki. Tafadhali mwambie Rehema kwamba aliyesema uongo ni mama yake. Mwambie kwa maneno hayohayo, usiyalainishe. Na ukimwombea tajiri, mwombee kama mtu aliyekutendea wema, na lile dera ulivae.

Baada ya Idi nitakuja. Shamba la chini nitalilima mimi, na mbegu nitakuja nayo. Sisemi hivyo ili tuwe sawa. Mpunga ulioliwa umeliwa, na koo lako ni koo lako.

Nilikuwa niishie hapo. Lakini nikisoma tena naona nimeandika kama mtu aliyekwenda kwenye muziki akaadhibika. Si kweli. Nilifurahi, Mama. Zilikuwa alasiri mbili nzuri kuliko zote tangu niolewe. Hata sasa nikifua, vidole vinautafuta ule mdundo. Na sitakuahidi kwamba sitarudi pale. Nikipata Jumapili, nitarudi, nitakula viazi vyangu, na siku hiyo nitakupigia nikwambie niko wapi. Nataka uyajue yote mawili: kwamba nilikudanganya, na kwamba nilifurahi. Nikikuficha la pili nitakuwa nimekudanganya tena.

Najua utakavyotaka kusema. Utasema haidhuru, mtoto alichoka, ndege wapo kila mwaka. Nakuomba usiseme hivyo. Nilipokuwa mdogo nikikosea ulinigombeza mpaka majirani wakatoka, na ikiisha ikawa imekwisha, tunakula pamoja. Tangu nije huku hujanigombeza hata mara moja, unanipa pole tu, kama mgeni. Mimi si mgeni.

Nisalimie kaka Komora, mwambie mgongo aupumzishe. Msalimie jirani yetu wa shamba, aliyekupa debe lake akabaki kupiga sufuria. Nimesikia, na nitamshukuru kwa mdomo wangu. Msalimie shangazi wa Idsowe na mguu wake. Mjomba mwenye duka Garsen mshukuru kwa kupokea mzigo. Rehema mpe viatu vya ndani ya mfuko mweusi, nimechukua vyenye kamba ili asivivue upesi. Bakari anakusalimia kwa mate, ameishika karatasi hii mara mbili, ndiyo maana imejikunja.

Ijumaa nina zamu ya asubuhi tu. Baada ya adhuhuri nitakaa chumbani na simu mkononi. Wifi, usinipigie wewe kunieleza mama amesema nini. Mpe simu, zima hiyo sauti kubwa, na uondoke karibu naye. Hata akiweza kunong'ona tu, nitasikia. Akiwa hataki kupiga, iache simu ilipo, usimbembeleze. Nitakaa na Ijumaa inayofuata pia.

Ni mimi mwanao, na ni maneno yangu yote,

Saadia