Aliyeombewa Turbo

Mjukuu wangu Chebet,

Sisi hapa Kimumu tu wazima, na dada yako amejifungua salama. Swali lako limenifurahisha mpaka chai imepoa: tutapimaje miujiza waliyoandika Wakristo wa kwanza?

Nikiwa msichana, mji wote wa Turbo ulisema Mama Nafula, aliyepooza miguu, ameombewa akakimbia. Nilikwenda kumuuliza mwenyewe.

"Kukimbia wameongeza," alicheka. "Lakini kusimama, nasimama. Tazama!"

Akasimama mbele yangu! Nilipiga kelele.

Basi ukisoma, uliza: nani aliona, nani alisikia tu, na je, habari hizo ziliandikwa mashahidi wakiwa bado hai? Usiogope kwamba kuuliza ni kukosa imani. Siku ile nilipoaga, Mama Nafula alinishika mkono, akasema, "Watu wote wanasimulia habari zangu. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Nyanya yako akupendaye